Nani alipwe kwa kuhifadhi udongo: mwenye hati au mwenye jembe?

MKAZI wa Eldoret anapofungua mfereji asubuhi ili ajaze birika, ni nadra afikirie kwamba maji hayo yameanza safari yake katika shamba la mtu. Sehemu kubwa ya maji yanayotumiwa mjini humo hutoka katika bwawa la Chebara, lililojengwa kwenye Mto Moiben ndani ya kaunti jirani ya Elgeyo Marakwet. Mengine huletwa kutoka bwawa la Two Rivers na Mto Ellegirini, upande wa Kaptagat. Baina ya misitu ya serikali iliyo vileleni na mabwawa hayo, pana mashamba mengi ya watu binafsi yanayolimwa viazi, mahindi na kabeji, na kulishiwa ng'ombe wa maziwa. Mvua kubwa inyeshapo juu ya shamba la viazi lililolimwa hadi ukingoni mwa mto, udongo husombwa, maji hugeuka rangi ya chai, na gharama ya kuyasafisha humfuata mlipaji bili hadi mtaani Langas na Huruma.

Je, mkulima huyo wa mlimani alipwe ili aache ukanda wa nyasi kando ya mto, achimbe makinga-maji na kupanda miti mahali ambapo angepanda viazi?

Kwa miaka mingi swali hilo lilikuwa la wasomi katika warsha za hotelini. Sasa limeshuka hadi mashambani. Hazina ya Maji ya Eldoret-Iten, inayopigiwa debe na shirika la The Nature Conservancy, imebuniwa kwa mfano wa ile ya Nairobi iliyozinduliwa mwaka wa 2015 kwa ajili ya wakulima wa eneo la juu la Mto Tana. Kupitia mpango unaofahamika kwa ufupisho FLLoCA, ambao Benki ya Dunia iliuidhinishia mkopo wa dola milioni 150 mnamo 2021, kaunti zimekuwa zikipokea fedha za kukabiliana na mabadiliko ya tabianchi, na kamati za wadi huketi kuamua miradi. Kampuni za kuuza hewa ya kaboni nazo zinabisha hodi. Kila mmoja ana neno lake analolipenda, lakini wote wanazungumzia jambo moja: kumpa mwenye shamba kitu ili autunze udongo kwa manufaa ya watu wasiomjua.

Mjadala umetawaliwa na swali la kiasi: ni shilingi ngapi kwa ekari, na pesa zitoke wapi. Maoni ya mwandishi huyu ni kwamba swali gumu zaidi halijaulizwa kwa sauti. Ni jina la nani litakaloandikwa kwenye malipo hayo? Katika eneo la Eldoret, anayemiliki shamba na anayelilima mara nyingi ni watu wawili tofauti.

Kabla ya kufika huko, yafaa kukumbuka kwamba kulipa wenye mashamba si jambo geni katika uwanda huu. Kilicho kigeni ni kuwalipa ili wahifadhi. Makaburu waliowasili mwaka wa 1908 na walowezi wengine waliowafuata waligawiwa ardhi kubwa kubwa, na wakati wa Vita vya Pili vya Dunia serikali ya kikoloni ilipitisha sheria ya mwaka wa 1942 ya kuongeza mazao. Kwa sheria hiyo mlowezi alipewa ruzuku ya kuvunja ardhi mpya, na akahakikishiwa malipo ya chini kabisa kwa kila ekari aliyopanda, hata mazao yakiharibika. Nyasi za asili za Uasin Gishu zilipinduliwa kwa plau huku hazina ya umma ikigharimia dizeli. Utaratibu huo wa malipo ya uhakika uliendelea hata baada ya uhuru, ukawanufaisha wakulima wakubwa Waafrika walionunua mashamba ya walowezi, hadi ulipokoma mwishoni mwa miaka ya 1970.

Mwafrika hakulipwa chochote kwa kuhifadhi. Alilazimishwa. Katika wilaya za Kati, machifu waliwatoa watu, hasa wanawake, kwenda kuchimba matuta kwa amri, bila ujira, hadi wanawake wa Murang'a wakagoma mnamo 1947 na 1948. Tangu siku hizo makinga-maji yalikuwa na harufu ya ukoloni, na wapo wazee walioyasawazisha matuta hayo kwa furaha bendera mpya ilipopandishwa. Ilibidi serikali huru ianze kuwabembeleza upya wananchi kuanzia mwaka wa 1974, kwa msaada wa Uswidi, na mwaka wa 1981 Rais Daniel arap Moi akaunda tume ya kudumu ya kuhifadhi udongo na kupanda miti. Wasomaji wa umri fulani watakumbuka picha za Rais akiwa ameshika mawe, akijenga vizuizi kwenye makorongo. Kazi ile ilifanikiwa mahali pengi kuliko wanavyokiri wakosoaji wake. Hata hivyo, ilitegemea hamasa, maafisa wa kilimo wa nyanjani na wafadhili, na vyote vitatu vilipungua kuelekea mwisho wa karne.

Sheria zenyewe hazijakosekana. Kanuni za Misitu ya Mashambani za mwaka wa 2009 zilimtaka kila mwenye shamba atenge angalau asilimia 10 ya ardhi yake kwa miti. Tembea kutoka Moiben hadi Ziwa, uhesabu ni mashamba mangapi yanayotimiza agizo hilo ukiondoa mikaratusi iliyopandwa mpakani ili kumkomoa jirani. Sheria ya misitu ya mwaka wa 2005, na ile ya 2016 iliyochukua nafasi yake, zilimruhusu mwenye msitu wa binafsi uliosajiliwa kuomba asamehewe kodi ya ardhi, kwa ukamilifu au kwa sehemu. Sheria ya mazingira ya mwaka wa 1999 ilikwenda mbali zaidi: mahakama ikiamuru sehemu ya shamba lako isitumiwe kwa namna fulani kwa ajili ya mazingira, una haki ya kufidiwa thamani uliyopoteza, na anayelipa ni yule aliyeomba amri hiyo. Maneno mazuri haya. Lakini mkulima wa ekari tatu hatakwenda mahakama ya mazingira kutafuta fidia ya kipande kisichofika robo ekari.

Wakati huohuo, mkono mwingine wa serikali umekuwa ukitoa pesa nyingi kwa shughuli iliyo kinyume. Ruzuku ya mbolea ndiyo inayojulikana na kila mkulima wa mahindi. Mnamo Septemba 2022, muda mfupi baada ya Rais William Ruto kuapishwa, bei ya mfuko wa kilo 50 iliteremshwa hadi Sh3,500, na mwaka uliofuata ikashushwa tena hadi Sh2,500. Hakuna anayeweza kuwalaumu wakulima kwa kushangilia. Tatizo ni kwamba kwa miongo mingi mbolea iliyopendwa zaidi katika ukanda huu ni DAP, na wataalamu wa udongo wamekuwa wakionya kwamba kuitumia kila msimu, bila chokaa na bila kubadilisha mimea, kumeongeza asidi katika mashamba ya Uasin Gishu na Trans-Nzoia. Udongo ukishakuwa na asidi nyingi, fosforasi inayowekwa hufungwa humo humo mmea usiifikie. Mkulima huona mavuno yakipungua, akaongeza mbolea, na udongo ukazidi kuchachuka. Kwa hiyo mlipakodi amekuwa akigharimia kwa mkono wa kulia uharibifu ambao mkono wa kushoto unamwandikia mkulima barua ya kumkataza.

Ipo mara moja ambapo serikali ilitoa donge kubwa la pesa taslimu kwa jina la uhifadhi katika eneo hili. Mwishoni mwa mwaka wa 2013 ilitangaza kwamba familia 2,874 zilizokuwa katika msitu wa Embobut, Elgeyo Marakwet, zingelipwa Sh400,000 kila moja ili ziondoke zikajitafutie ardhi kwingine. Wapo waliochukua na kuondoka, na wapo waliosema majina yao hayakuwa orodhani. Wengi wa jamii ya Sengwer walishikilia kwamba msitu ule ni wa mababu zao, na hauuzwi. Januari 2014 nyumba ziliteketezwa na askari wa misitu. Miaka minne baadaye, Januari 2018, Umoja wa Ulaya ulisimamisha ufadhili wa mradi wake wa chemchemi za maji baada ya mwanamume wa jamii hiyo kuuawa kwa risasi msituni. Malipo yale hayakuwa ujira wa kazi ya kuhifadhi. Yalikuwa nauli ya kuondoka, yaliyotolewa mara moja, na zogo lake kubwa lilihusu orodha ya majina. Jambo hilo ni la kutiliwa maanani, kwa sababu mpango wowote mpya wa malipo utaanza papo hapo, kwenye orodha.

Turudi sasa kwa mwenye hati na mwenye jembe.

Uasin Gishu ya leo imetokana na mashamba ya walowezi yaliyonunuliwa na watu binafsi, vyama vya ushirika na kampuni za kununua ardhi, yakagawanywa, kisha yakagawanywa tena kwa wana na wajukuu. Hata ardhi za kampuni ya EATEC kando ya Eldoret, zilizokuwa na misitu ya miti ya wati, ziliuzwa vipande vipande karibu na mwaka wa 2000, na mahindi na nyumba zikachukua mahali pa miti. Kwa mujibu wa sensa ya 2019, kaunti hiyo ina watu 1,163,186. Eldoret yenyewe, iliyopewa hadhi ya jiji Agosti 2024, ilihesabiwa kuwa na watu 475,716. Mji ukua kiasi hicho, wenye mashamba yaliyo karibu huacha kuwa wakulima. Wengine ni walimu, wanariadha, wafanyabiashara au wafanyakazi wa serikali walio Nairobi, na shamba hukodishwa.

Anayekodi hulipa kwa ekari, kwa msimu mmoja au miwili, mara nyingi kwa karatasi iliyoandikwa kwa mkono mbele ya mashahidi wawili. Mtu huyo ana miezi kama kumi ya kurudisha gharama ya trekta, mbegu na mbolea. Mwombe achimbe kinga-maji litakalozaa matunda baada ya miaka mitatu na atakucheka, na ana haki ya kucheka. Mwombe aweke chokaa ambayo faida yake kamili itaonekana msimu atakaokuwa amehama, na jibu ni lile lile. Mwenye hati, kwa upande wake, hana jembe mkononi. Akisikia kwamba kuna malipo ya uhifadhi, atajiandikisha, na kwa mujibu wa sheria hatakuwa amekosea.

Matokeo yake yanaweza kukisiwa bila elimu kubwa. Mwenye hati atapokea malipo ya kuacha ukanda wa mita kadhaa kando ya mto, kisha atamkodishia mtu mwingine sehemu iliyobaki kwa bei ileile au zaidi, kwa kuwa ardhi ya kukodi imepungua. Mkodishwaji, aliyebanwa, atalima hadi alipofikia mwenzake mwaka jana. Nyasi zitaliwa na ng'ombe wake Agosti, na mkaguzi akija Desemba atakuta korongo. Pesa zimetoka, na udongo umetoka pia.

Hali ni tata zaidi ndani ya familia. Hati nyingi zimesalia kwa jina la babu aliyefariki zamani, kwa kuwa kesi ya urithi ni ghali na huwagombanisha ndugu. Uchunguzi uliochapishwa na Muungano wa Ardhi Kenya mwaka wa 2018 ulionyesha kwamba kati ya hatimiliki zilizotolewa kati ya 2013 na 2017, karibu asilimia 10 pekee zilikwenda kwa wanawake. Ilhali ukifika shambani saa nne asubuhi, anayepalilia, anayekata nyasi za nepia na anayeamua kama ng'ombe atafungwa au ataachiliwa mtoni ni mama wa boma. Mpango utakaodai hati ya kumiliki ardhi kabla ya kulipa utakuwa umemwacha nje mtu anayefanya kazi inayonunuliwa.

Mataifa mengine yamelipitia tatizo hili. Marekani ilianzisha mwaka wa 1985 mpango wa kuwalipa wakulima kila mwaka, kwa mikataba ya miaka 10 hadi 15, ili waache kulima ardhi inayomomonyoka kwa urahisi na kuifunika kwa nyasi au miti. Sheria yenyewe iliitaka wizara ya kilimo iwalinde wapangaji na wanaolima kwa kugawana mazao, wapate fungu lao la haki katika malipo. Haikuandikwa hivyo kwa wema mtupu. Katika miaka ya 1930, mipango ya kupunguza kilimo cha pamba kusini mwa nchi hiyo iliwalipa wenye ardhi, nao wakawafukuza wapangaji, wengi wao weusi, na kununulia pesa hizo matrekta. Costa Rica nayo, iliyoanza kuwalipa wenye misitu mwaka wa 1997 kwa kutumia sehemu ya kodi ya mafuta ya magari, iligundua kwamba sharti la hati liliwazuia wakulima wadogo wengi.

Hapa nyumbani tuna mifano miwili inayostahili kusomwa upya na maafisa wa kaunti. Katika bonde la Mto Malewa linalolisha Ziwa Naivasha, mashirika ya WWF na CARE yaliwaunganisha wakulima wadogo wa juu na watumiaji wa maji wa chini, wakiwemo wakuzaji maua. Mwaka wa 2010 wakulima wa juu walianza kupokea malipo, si pesa taslimu bali vocha za pembejeo, za thamani ya takriban dola 17 kwa mwaka kwa kila mmoja. Kwa ubadilishanaji wa wakati ule hizo zilikuwa Sh1,300 hivi. Wapo waliocheka. Lakini wakulima walipanda nyasi na kuacha kulima kingo, kwa sababu pamoja na vocha waliletewa miche, nyasi za malisho na mafunzo, na ng'ombe aliyelishwa nyasi hizo akawapa maziwa. Vocha ilikuwa alama tu ya kwamba mtu wa chini anatambua kazi ya mtu wa juu. Faida yenyewe ilikuwa maziwa.

Mfano wa pili ni wa Kitengela, kusini mwa Mbuga ya Kitaifa ya Nairobi. Kuanzia mwaka wa 2000 wenye ardhi Wamaasai walilipwa dola 4 kwa ekari kwa mwaka ili wasiweke nyua na wasiuze, wanyamapori wapate kupita. Waliobuni mpango huo walikuwa na busara moja ya kupendeza: pesa zilitolewa mara tatu kwa mwaka, shule zikifunguliwa, hivyo zikaenda moja kwa moja kwenye karo, na wanawake wakajua zinakuja lini. Kilichoulemea ni bei ya ardhi. Mji ulipokaribia, dola 4 hazingeshindana na mnunuzi wa ploti mwenye mamilioni mkononi, na ufadhili wenyewe ulitegemea wahisani ambao hawakuahidi kukaa milele. Eldoret, ambayo sasa ni jiji na inazidi kupanuka kuelekea Kapseret na Moiben, haina sababu ya kudhani kwamba yaliyoikuta Kitengela hayatafika kwake. Malipo ya uhifadhi hayataushinda mji pale mji unapofika. Yapelekwe mahali ambapo mshindani wake ni kiazi.

Hata kiazi si mshindani dhaifu. Tuchukue shamba la kubuni la ekari tano, na tuseme mto unapita upande mmoja kiasi kwamba ukanda unaopaswa kuachwa ni nusu ekari. Kama shamba ni la mahindi na ekari hutoa magunia 20, mkulima anaacha magunia 10. Kwa bei ya Sh4,000 kwa gunia la kilo 90, ambayo serikali ilitangaza mwaka wa 2023, hizo ni Sh40,000 kabla ya kuondoa gharama. Tuondoe gharama, tuseme anabaki na nusu yake au pungufu. Bado ni maradufu mengi ya vocha ya Malewa. Nyasi za nepia kwenye ukanda huo zitarudisha sehemu ya hasara, ikiwa ana ng'ombe. Aliyekodi shamba kwa mahindi pekee hana ng'ombe hapo, kwa hiyo hasara yake ni kamili. Hesabu hii ndogo inaonyesha kwa nini kiwango kimoja cha malipo kwa kila ekari, kinachopendwa na wahasibu kwa wepesi wake, kitamnufaisha mwenye maziwa na kumpita mpangaji.

Nani atoe pesa? Jibu la kawaida ni mfadhili, na ndilo jibu baya zaidi. Kanuni za rasilimali za maji za mwaka wa 2007 ziliweka ada ya senti 50 kwa kila mita moja ya ujazo ya maji yanayochotwa mtoni kwa matumizi ya umma. Maana yake ni kwamba kila mita milioni moja za ujazo zilizochukuliwa zilipaswa kuleta Sh500,000, na pesa hizo ziliingia katika mamlaka ya kitaifa ya rasilimali za maji. Mtu akiongeza senti 50 nyingine, zikatengwa kwa ajili ya mashamba ya juu ya bwawa, mlipaji bili wa kawaida asingehisi. Familia inayotumia mita 10 za ujazo kwa mwezi ingelipa shilingi tano zaidi, bei ya peremende chache.

Ugumu ni mpaka wa kaunti. Viongozi wa Elgeyo Marakwet wamelalamika mara kwa mara kwamba maji hutoka kwao ilhali malipo ya bili husalia Eldoret. Malalamiko hayo yana msingi, lakini yamekuwa yakiulizwa kwa namna isiyomsaidia mkulima: kaunti ilipwe na kaunti. Pesa zikihama kutoka hazina ya Eldoret hadi hazina ya Iten, mkulima wa Kapcherop atazisikia redioni. Zitajenga barabara, huenda nzuri, na kingo za Mto Moiben zitaendelea kulimwa. Ikiwa kampuni ya maji ya Eldoret itatoa shilingi kwa ajili ya udongo, shilingi hiyo ipitie hazina yenye wawakilishi wa pande zote mbili na vyama vya watumiaji maji vya vijijini, na iishie katika simu ya anayelima. Si kazi rahisi kwa magavana wawili kukubaliana juu ya kitu kisichokuwa na utepe wa kukatwa.

Wapo wanaopinga wazo lote. Wanauliza kwa nini mtu alipwe kutii sheria. Aliyelima ukingo wa mto ni mvunjaji wa sheria, na hatulipi wezi wa ng'ombe ili waache wizi. Hoja hiyo ina nguvu mahali ambapo sheria hutekelezwa kwa wote. Lakini katika eneo hili, mtu mmoja hushtakiwa kwa kulima mita tano kutoka mtoni, huku shamba la mkubwa likimwagiliwa kwa pampu kutoka mto huohuo. Faini peke yake imejaribiwa tangu enzi za wakoloni na matokeo yanaonekana kila Aprili katika rangi ya Mto Sosiani.

Hoja ya pili ni ya wizi, na ni nzito zaidi. Mwaka wa 2024 wakulima waligundua kwamba baadhi ya mifuko ya mbolea iliyouzwa chini ya mpango wa ruzuku haikuwa na mbolea ya kutajika. Kashfa hiyo ilimfikisha Waziri wa Kilimo wa wakati huo, Mithika Linturi, mbele ya kamati ya Bunge, ambayo haikumpata na hatia mwezi Mei. Mwezi wa Julai karibu baraza zima la mawaziri lilivunjwa. Kama mfuko unaoweza kushikwa, kufunguliwa na kunuswa ulighushiwa, je, kinga-maji lililoandikwa kwenye fomu litaponaje? Ni kweli kwamba ni rahisi zaidi kudanganya kuhusu uhifadhi kuliko kuhusu mbolea. Walakini mpango wa mbolea umeacha jambo moja la manufaa, nalo ni sajili ya wakulima iliyokusanywa kupitia kwa machifu, pamoja na ujumbe wa simu unaomweleza mkulima mgao wake. Sajili hiyo iliandikisha watu kwa kuwa wanalima, siyo kwa kuwa wana hati. Pamoja na kasoro zake, na zipo nyingi, ina jina la mpangaji.

Hapo ndipo penye mlango. Malipo yagawanywe mara mbili. Sehemu ya kwanza, ya kudumu, iende kwa mwenye ardhi kwa sharti kwamba amekubali kwa maandishi ukanda wa mto na makinga-maji yasiguswe na yeyote atakayekodi, kwa miaka isiyopungua mitano. Sehemu ya pili iende kila msimu kwa anayelima, awe mwana wa marehemu, mjane au mpangaji, baada ya chama cha watumiaji maji cha eneo hilo kupita na kuona. Chokaa itolewe kwa bei ya ruzuku kwa huyohuyo, kama mbolea. Mwenye hati aliye Nairobi atapata pungufu ya alilotarajia na atanung'unika. Mpangaji naye ataanza kuwa na sababu ya kumuuliza mwenye shamba, kabla ya kutia sahihi, kama shamba limesajiliwa.

Kwa upande wa kaboni, mambo ni tofauti kidogo. Marekebisho ya sheria ya tabianchi ya mwaka wa 2023 yanataka miradi ya ardhi iliyo kwenye ardhi ya umma au ya jamii iipe jamii angalau asilimia 40 ya mapato. Shamba la binafsi halimo. Mkulima wa Uasin Gishu anayeletewa mkataba wa miaka 20 au zaidi atajadiliana peke yake na kampuni yenye mawakili, na mwanawe atarithi mkataba pamoja na shamba. Afadhali asome kila ukurasa, au amtafute wa kumsomea.

Mashamba ya kukodi hujadiliwa kuanzia mavuno yanapotoka hadi mvua ya Machi inapokaribia. Ikiwa hazina ya maji, kaunti mbili na kampuni ya maji zinakusudia mkulima aache ukanda wa mto katika msimu ujao, makubaliano hayo yatalazimika kuwa mezani kabla ya karatasi za ukodishaji kuandikwa, kwa sababu trekta likishafika ukingoni hakuna fomu itakayolirudisha nyuma.